Nani Alimtembeza Mtoto Huyu? Kisa cha Sindromu ya Down na Mchanganyiko wa Vitamini

Mtoto wa kisa hiki ni wa kielelezo. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia katika familia nyingi, kwa hiyo hakuna wa kutambuliwa humu. Tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Ni binti, alizaliwa na sindromu ya Down ya aina iliyozoeleka, ile ambayo seli zote zina kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Takriban asilimia 95 ya wenye hali hii wako hivyo. Alikuwa pia na tundu kubwa katikati ya moyo, likazibwa kwa upasuaji akiwa na miezi 6. Alikaa bila kushikwa akiwa na miezi 11. Akiwa na miezi 13 alilazwa kwa nimonia, na wiki mbili baada ya kutoka wodini akapelekwa kupimwa ukuaji. Mpimaji aliandika kwamba uwezo wake ulikuwa wa mtoto wa miezi 6 na nusu. Ukigawanya umri wa uwezo kwa umri halisi kisha ukazidisha kwa 100, unapata alama ya ukuaji. Yake ilikuwa 50.

Mama alirudi nyumbani na karatasi hiyo amenyong'onyea. Haikupita muda ndugu mmoja akamuunganisha na muuzaji wa mchanganyiko wa vitamini, madini na asidi za amino, unga wa kukorogwa kwenye maziwa mara mbili kwa siku, unaosemekana kutengenezwa mahsusi kwa watoto wenye sindromu ya Down. "Dada, ubongo wa mtoto haungoji," muuzaji alimwambia. Binti akaanza kupewa akiwa na miezi 14.

Akiwa na miezi 20 alipimwa tena, safari hii na mtu mwingine. Uwezo wa miezi 12, alama 60. Akiwa na miezi 24 alitembea mwenyewe. Mama akarekodi ushuhuda wa video. Akiwa na miezi 28 akapimwa mara ya tatu, uwezo wa miezi 14, alama 50. Muuzaji akashauri dozi iongezwe maradufu, kwa maelezo kwamba mwili umeuzoea unga. Hapo ndipo mama alipouliza swali lililozaa uchambuzi huu: aongeze dozi, au kuna jambo jingine?

Mama hakuota

Wataalamu wengi wakisikia habari za unga wa aina hii hukimbilia kusema hakuna kilichotokea. Kwa mama aliyemwona mwanawe akisimama, hilo ni tusi, na si kweli pia. Kati ya miezi 14 na 24 binti huyu alitambaa, alisimama kwa kushikilia, alianza kuonyesha kwa kidole anachokitaka, akatembea. Mabadiliko yalikuwepo. Kinachobishaniwa ni nani apewe sifa.

Watoto wenye sindromu ya Down hukua, hata wasipopewa kitu chochote. Hujifunza hatua zilezile za watoto wengine kwa mpangilio unaofanana, ila kwa kuchelewa, na tofauti kati ya mtoto mmoja na mwingine ni kubwa mno. Kutembea peke yao huja kwa wastani karibu na miaka 2, na wengi hufika hapo wakati fulani kati ya mwaka 1 na miaka 4. Binti huyu alitembea akiwa na miezi 24. Kwa hiyo unga, kama ulifanya kazi, ulimfikisha palepale ambapo mtoto wa wastani mwenye hali yake angefika bila unga.

Sehemu hii huwa ngumu kueleweka kwa sababu familia nyingi hupewa taarifa ya sindromu ya Down kama orodha ya mambo ambayo mtoto hatayaweza. Aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba mwanawe "huenda asitembee" akimwona anatembea, lazima atafute muujiza wa kuueleza. Wauzaji wa tiba wanavuna shamba lililolimwa na watabibu wenye kauli mbaya. Kama mama huyu angepewa tangu mwanzo chati ya ukuaji ya watoto wenye sindromu ya Down, yenye masafa yake mapana, angejua kwamba kutembea kulikuwa njiani.

50, 60, 50

Alama hizi tatu ndizo ushahidi mzima wa muuzaji. Alidai ya pili inathibitisha unga unafanya kazi, na ya tatu inathibitisha unga unahitaji kuongezwa. Dai linaloshinda alama ikipanda na likashinda tena ikishuka halipimiki, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu shaka. Lakini namba zenyewe zina mengi ya kusema.

Alama ya kwanza ilichukuliwa kwa mtoto aliyetoka kuumwa. Nimonia humlaza mtoto, humpunguzia chakula na nguvu, na mwenye misuli legevu tangu kuzaliwa hupoteza haraka alichokuwa amejifunza, kisha hukirejesha akipona. Kipimo cha wiki mbili baada ya wodi kilimpiga picha akiwa chini. Wazazi huanza tiba mpya hasa wakati kama huo, mtoto akiwa chini, kwa kuwa akiwa vizuri hakuna anayetafuta tiba. Kwa sababu hiyo kipimo kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa bora, hata kama tiba yenyewe ingekuwa maji.

Alama ya pili ilitolewa na mpimaji mwingine, aliyekuwa ameshaelezwa na baba kuhusu unga kabla hajaanza. Simtuhumu kwa udanganyifu. Vipimo vya watoto wadogo vimejaa maamuzi ya papo hapo: mchemraba ule ameuweka kwa makusudi au umemponyoka? Ile "ba" ni baba au ni sauti tu? Na sehemu kubwa ya alama hutokana na majibu ya mzazi. Anayetarajia maendeleo, kila panapotatiza, huelekea upande wa ndiyo.

Halafu kuna kilichobadilika kimyakimya kati ya vipimo viwili. Tundu la moyo lilikuwa limeshazibwa tangu miezi 6, na mtoto aliyekuwa akichoka kwa kunyonya tu sasa alikuwa na pumzi ya kucheza. Akiwa na miezi 15, mwezi mmoja baada ya unga, alianza mazoezi ya viungo kila wiki, na mama akayafanya nyumbani kila siku. Kwa kutembea hili si dogo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2001 liligawanya kwa bahati nasibu watoto 30 wenye sindromu ya Down. Wote waliendelea na mazoezi yao ya kawaida, lakini nusu waliongezewa kushikiliwa juu ya mashine ndogo ya kutembelea, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hao walianza kutembea wenyewe wastani wa siku 101 kabla ya wenzao. Mazoezi ya binti huyu hayakuwa ya mashine, kwa hiyo simpi zile siku 101, lakini ukiniuliza kati ya mikono ya mama na kile kijiko cha unga, najua nitaanzia wapi kutafuta.

Alama ya tatu ndiyo iliyofasiriwa vibaya kuliko zote, na nitairudia. Kwa sasa tuangalie unga wenyewe.

Hoja nzuri iliyokutana na majaribio

Wanaouza mchanganyiko huu hawana hoja ya kipuuzi, ndiyo maana inawashika hata wasomi. Kromosomu 21 imebeba jeni la kimeng'enya kinachoshughulikia kemikali kali za oksijeni ndani ya seli. Mwenye nakala tatu hukitengeneza kwa wingi kupita kiasi, na inadhaniwa hilo huvuruga uwiano na kudhuru seli za ubongo. Basi, mpe mtoto vitamini A, C na E, seleniamu na zinki, urekebishe uwiano. Imenyooka. Tatizo ni kwamba hoja iliyonyooka kwenye karatasi inaweza isifike kwa mtoto, na njia ya kujua ni kujaribu.

Imejaribiwa. Mwaka 1981 Ruth Harrell na wenzake walichapisha ripoti ya watoto 16 wenye ulemavu wa akili, baadhi wakiwa na sindromu ya Down, wakidai kwamba dozi kubwa za vitamini na madini ziliwapandisha alama za akili. Habari ikasambaa. Katika miaka michache iliyofuata watafiti mbalimbali walirudia jaribio kwa makundi mengine, wakilinganisha na vidonge visivyo na dawa, na hawakuyapata matokeo hayo. Ripoti ya kwanza ndiyo inayonukuliwa na wauzaji hadi leo, waliorudia hawatajwi.

Jaribio zito zaidi kwa umri wa binti huyu lilichapishwa Uingereza mwaka 2008. Watoto 156 wenye sindromu ya Down, wote chini ya miezi 7 walipoanza, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: wa vitamini na madini ya kupambana na oksijeni kali, wa asidi ya foliniki (aina ya vitamini ya kundi B), wa vyote viwili, na wa unga mtupu. Baada ya miezi 18 ukuaji wao ulipimwa. Makundi hayakutofautiana. Watoto wa unga mtupu walikuwa wamekua vilevile, na ninaamini wazazi wao wengi wangeweza kurekodi ushuhuda kama wa mama huyu, tena kwa moyo mweupe.

Historia ya tiba nyingine ni hiyohiyo. Piracetamu, dawa iliyotangazwa sana miaka ya 1990 kuwa inaamsha ubongo, ilipojaribiwa kwa watoto wenye sindromu ya Down katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 haikuongeza uwezo wa kufikiri; kilichoonekana ni ukali, msukosuko na usingizi mbovu kwa baadhi yao. Sindano za seli za wanyama zilipita na kuondoka. Mwaka 2022 ilitoka habari ya homoni iliyotolewa kwa mdundo maalumu kwa wanaume 7 wenye sindromu ya Down, na 6 kati yao walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo. Ni jambo la kufuatiliwa, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na atakayekuuzia kitu leo kwa kutaja wanaume hao 7 amekurudisha mwaka 1981.

Na ile video ya mama? Ilirekodiwa siku binti alipotembea. Akiwa na miezi 28, hakuna aliyemwomba arekodi nyingine. Ushuhuda hukusanywa juu ya kilele, nao waliokata tamaa katikati huacha kununua na kunyamaza. Ukiangalia video mia moja za mafanikio, hujui bado walioanza walikuwa wangapi.

Kilichokuwa kimejificha

Turudi kwenye alama ya tatu. Acha 50 na uangalie umri wa uwezo. Kati ya miezi 13 na 20 aliongeza miezi 5 na nusu katika miezi 7, ingawa tumeona kwamba sehemu ya hiyo ilikuwa kurejesha kilichopotea kwa nimonia. Kati ya miezi 20 na 28 aliongeza miezi 2 katika miezi 8. Kwa watoto wenye sindromu ya Down alama hushuka taratibu kadiri miaka inavyokwenda, hata wanapojifunza kila siku, maana umri halisi unakimbia kuliko ujuzi, kwa hiyo kushuka peke yake kusingenishtua. Miezi 2 katika miezi 8 kulinishtua.

Mama alipoulizwa kuhusu mambo yasiyo ya ukuaji, alikuwa na mengi. Choo kilikuwa kigumu, siku tatu hata nne. Ngozi ilikauka. Binti alilala mchana kutwa na mikono yake ilikuwa ya baridi. Urefu ulikuwa umesimama. Haya yote alikwisha mwambia muuzaji, akajibiwa kwamba mwili unatoa sumu. Alikwisha yasema pia kwenye zahanati, akajibiwa kwamba watoto wa Down ndivyo walivyo. Sijui jibu lipi kati ya hayo mawili lilimdhuru zaidi.

Dalili hizo kwa mtoto yeyote huashiria kulegea kwa thairoidi, tezi ya shingoni inayotoa homoni ya kuendesha mwili na kukuza ubongo, na kwa mwenye sindromu ya Down uwezekano ni mkubwa zaidi, ndiyo maana miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani inataka tezi ipimwe mtoto anapozaliwa, akiwa na miezi 6, akiwa na mwaka 1, kisha kila mwaka. Familia haikuwa imezembea. Alipimwa akiwa na miezi 26, na majibu yalikuwa mazuri: TSH, homoni inayoisukuma tezi na hupanda tezi ikilegea, ilikuwa ndani ya kiwango, na T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa juu kidogo. Faili likafungwa.

Kilichosahaulika ni kusoma kopo. Unga ule ulikuwa na biotini, vitamini ya kundi B, miligramu 5 kwa siku, yaani mikrogramu 5,000. Mtoto wa umri wake anahitaji mikrogramu 8. Biotini kwa kiasi hicho haijulikani kuwa sumu, lakini mashine nyingi za maabara hutumia biotini kama gundi ya kukamatia homoni ndani ya sampuli, na damu iliyojaa biotini huivuruga gundi hiyo. TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 husomeka juu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili. Kwa mtoto mwenye tezi iliyolegea, makosa yote mawili husukuma upande mmoja: humfanya mgonjwa aonekane mzima.

Unga ulisimamishwa kwa wiki moja, damu ikachukuliwa upya. TSH ilikuwa mara kadhaa juu ya kikomo, T4 chini.

Hapa hasara ya unga inaacha kuwa ya pesa peke yake. Wengi husema, "kama haumsaidii, haumdhuru." Huyu unga ulimfichia ugonjwa unaotibika, katika umri ambao ubongo bado unaihitaji sana homoni ya tezi, halafu ushauri ukawa kuongeza dozi, yaani kuuficha zaidi.

Masikio nayo yalipimwa, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na mwaka mmoja, na nyuma ya ngoma zote mbili palikuwa na majimaji. Njia za sikio za watoto hawa ni nyembamba na majimaji hukwama kwa urahisi. Hadi robo tatu yao hupata upungufu wa kusikia kwa kiwango fulani. Mtoto asiyesikia vizuri hashindwi maneno tu, bali hushindwa pia kila swali la kipimo linaloanza na "mwambie mtoto..." Sehemu ya ile miezi 2 ilipotelea masikioni.

Kipimo kilekile kwa dawa ya hospitali

Binti alianzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kama dawa, na vijibomba vidogo vikawekwa kwenye ngoma za masikio. Katika miezi mitatu choo kililainika, alikaa macho mchana, na maneno mapya manne yakaja. Baba akasema, "Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii."

Ni sentensi ileile ya unga, ila kopo limebadilika, na haki inataka nayo ihojiwe. Maneno manne yaliletwa na dawa, na vijibomba, au na miezi mitatu ya kukua? Kwa mtoto mmoja siwezi kuvitenganisha. Tofauti na unga ni kwamba dawa hii ilianzwa kwa sababu ya upungufu uliopimwa kwenye damu, na kazi yake hupimwa kwa TSH kurudi chini, jambo ambalo halitegemei matumaini ya mtu. Hata kama maneno yasingekuja, dawa ingeendelea.

Dai kwamba levothairoksini huwainua watoto wote wenye sindromu ya Down ni jingine kabisa, nalo limejaribiwa. Uholanzi watoto wachanga 196 waligawanywa kwa bahati nasibu wakapewa homoni hiyo au kidonge kisicho na dawa kwa miaka 2. Waliopewa homoni walikuwa mbele kidogo katika viungo, chini ya mwezi mmoja. Walipofuatiliwa wakiwa na takriban miaka 10, tofauti haikuwepo. Kwa hiyo dawa moja inaweza kuwa ya lazima kwa mwenye upungufu na isiwe na faida ya kudumu kwa asiye nao. Anayesikia habari za binti huyu asikimbilie kuomba vidonge, aombe kipimo cha damu.

Palipofikiwa

Mama aliuliza kama unga haukufanya chochote kabisa. Jibu la kweli ni kwamba kwa mtoto mmoja haiwezekani kujua, na kwa watoto 156 wa jaribio la mchanganyiko wa aina hiyo faida haikuonekana. Alikubali kuuacha, ingawa baba alitaka uendelee nusu dozi "kwa usalama". Vitamini D imebaki kwa sababu damu ilionyesha upungufu. Kidonge cha tezi hutolewa mbali na madini ya chuma au kalisi kwa saa 4, kwa kuwa hayo huzuia kufyonzwa kwake. TSH hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kila mabadiliko ya dozi, na kabla ya kila damu, nesi amekubali kuuliza swali moja: kuna kopo lolote nyumbani?

Upimaji ujao wa ukuaji umepangwa akiwa na miezi 36, kwa mpimaji yuleyule wa miezi 28 na kwa kipimo kilekile, bila kusimuliwa nini kilibadilika. Tulichokitaka kimeandikwa kabla: uwezo wa miezi 18 au zaidi, yaani miezi 4 katika 8, mara mbili ya kipindi kilichopita. Akifika hapo hasa, alama itasomeka 50, ileile iliyomliza mama mara mbili. Kwa hiyo ameomba karatasi ya safari hiyo iandikwe umri wa uwezo na orodha ya anayoyafanya binti, na alama isiwekwe.